Tisa

Moja ni ndiyo. Mbili ni hapana.
Nane ni yule aliyekataa, akarudishia mlango.
Tisa ni sijui.
Miaka thelathini na moja nimekula kwa hiyo tisa.

Nilianza na hojaji za karatasi, kapu la mkindu begani,
penseli mbili: moja ya kuandikia,
moja ya kukopesha isirudi.
Nikapanda ngazi za Tudor, nikashuka vichochoro vya Kisauni,
hodi kwa hodi, na swali langu la kumi na saba:
Je, unaamini kura yako, huhesabiwa kama ulivyoipiga?

Siyui, alisema mshona kofia wa Kibokoni,
sindano mdomoni, jicho kwenye dirisha la jirani.
Simanya, alisema Mbodze, muuza nyanya wa Kongowea,
akacheka hata mizani ikatikisika.
Akia, alisema mpakia mizigo wa Changamwe
ambaye mlangoni pake palikuwa na alama ya chaki
aliyoifuta, ikabaki.

Lugha tatu, tarakimu moja.
Usiku, chini ya feni bovu la Tononoka,
nikaziingiza: tisa, tisa, tisa,
zikapanga safu kama watoto walionyolewa siku moja.

Kwa hizo nikapata shahada, kisha kiti,
kisha mwaliko wa mji wa baridi
ambako bwana mmoja wa tai ya samawati aliniuliza:
"Hao wasiojua, umewaondoa?"
Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimewaondoa,
mia mbili na kumi na wanne.
Jedwali likasimama wima bila wao.
Watu wakapiga makofi.

Mamangu, Bi Mwanasiti, alipewa leso ya mgombea:
uso wa bwana katikati ya mji,
ahadi yake pale penye jina.
Akaivaa jikoni tu, uso ukiangukia makalioni.
"Nimemkalia," alisema, "naye atatukalia. Tutaona nani atachoka."
Nikamuuliza alimpigia nani.
Akanitazama kama karani aliyefungua debe kabla ya saa.
Katika makala yangu palikuwa na safu mbili:
alipokea, hakupokea.
Mamangu alipokea.
Mengine hayakuwa na pa kukaa.

Wanafunzi huniuliza, Daktari, demokrasia hufaje?
Wanataka kishindo, buti, redio ya alfajiri.
Nami huwaambia habari ya foleni moja ya Majengo:
mara ya kwanza niliyoipima ilizunguka shule, ikafika msikitini.
Mara ya pili ilikomea kwa muuza viazi karai.
Mara ya mwisho
kivuli cha ukuta kiliwatosha wote,
na nafasi ya mbuzi kulala ikabaki.
Hakuna aliyepigwa siku hiyo. Niliandika: utulivu.

Nimestaafu sasa. Jumamosi hii kijana akabisha,
Nyamawi, shati limepigwa pasi, kishikwambi kifuani.
Akasoma polepole, kwa sauti ya mtu aliyefunzwa asiegemee upande,
akafika la kumi na saba.
Nikalijua. Koma ile ya bure, katikati ya sentensi,
niliyosahau kuifuta nikiwa msichana,
bado imo, na bado yeye akaipumzikia.

Nikafungua kinywa.
Ng'ambo ya njia jirani alikuwa akianika mto,
akiukung'uta zaidi ya vumbi lililokuwamo.
Nikawaza chaki. Nikawaza mizani ya Mbodze,
nisijue alikuwa akinicheka mimi au swali.
Nikaona kidole cha kijana kikishuka,
kwa adabu, bila haraka,
kuelekea tisa.

Ngoja, nikamwambia. Usibonyeze.
Vua viatu, ingia.
Mahamri yamo, yamepoa, lakini yamo.
Na hicho chako kiweke hapo mezani,
kifudifudi.